Mzee wa Midway

Novemba 1938 timu ya Chuo cha Pacific, chuo kidogo cha mji wa Stockton huko California, ilivuka zaidi ya nusu ya Marekani kwenda kucheza futiboli na Chuo Kikuu cha Chicago. Kocha wa wageni alikuwa mzee wa miaka 76, mvi kichwa kizima. Hakuhitaji kuonyeshwa njia. Alikuwa amefundisha pale kwa zaidi ya miaka arobaini, na mwanzoni kabisa yeye na wanafunzi wake ndio waliozungushia kiwanja cha chuo ua wa mbao, wakipigilia misumari wenyewe. Hata jina la uwanja lilikuwa lake: Stagg Field. Siku hiyo wageni walishinda 32 kwa 0.

Matokeo hayo nimeyarudia mara nyingi wakati wa kuandika sura hii, na kila mara yananiuma kidogo, ingawa hainihusu nani alishinda mechi iliyochezwa kabla sijazaliwa. Linaloniuma ni kwamba Amos Alonzo Stagg aliwafunga watoto wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, na mwaka mmoja baadaye nyumba yenyewe ikafungwa. Ili kuelewa ilifikaje huko, inabidi kurudi nyuma hadi kwa kijana aliyetaka kuwa mchungaji.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862 huko West Orange, jimbo la New Jersey, mtoto wa tano kati ya wanane. Baba yake alikuwa fundi viatu, na kipato cha fundi viatu mwenye watoto wanane hakihitaji maelezo. Kijana alifanya vibarua, akachelewa kumaliza shule, akafika Chuo cha Yale akiwa mtu mzima wa miaka 22. Alikaa katika chumba cha darini kisicho na moto wakati wa baridi ya New England, akila kwa senti chache kwa siku hadi mwili ukakataa. Azma yake ilikuwa moja, kusomea dini na kusimama mimbarani.

Lakini mkono wake ulikuwa na mipango mingine.

Msomaji aliyelelewa na soka atanivumilia kwa maelezo mafupi. Katika besiboli mrushaji anasimama katikati ya kiwanja na kumvurumishia mpigaji mpira mdogo mgumu uliovikwa ngozi. Mpigaji akiukosa mara tatu anatolewa, na katika mchezo wa kawaida kila timu inatolewa watu 27 ndipo zamu zake ziishe. Futiboli ya Kimarekani ni jamaa wa raga: mpira wa umbo la yai, watu kumi na mmoja kila upande, na kazi yote ni kuusogeza mpira yadi kwa yadi hadi nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani. Besiboli ya vyuo huchezwa majira ya kuchipua, futiboli majira ya kupukutika. Ndiyo maana mtu mmoja aliweza kuicheza yote miwili, na baadaye mtu mmoja aliweza kuifundisha yote miwili mwaka mzima bila kupumua.

Stagg alikuwa mrushaji. Mei 1888 Yale ilikutana na Princeton, na kati ya wale watu 27 wa kutolewa, 20 aliwatoa yeye peke yake kwa kuwakosesha mpira. Hebu fikiria wapigaji wale, wanajipanga, mmoja mmoja wanakuja, wanapunga gongo hewani, wanarudi kukaa. Habari za mkono kama huo hazikai chuoni. Timu ya kulipwa ya New York Giants ikamwahidi dola 4,200, na huyu ni mtoto wa fundi viatu aliyekuwa analala darini. Akakataa. Besiboli ya kulipwa wakati ule iliambatana na ulevi na kamari, na yeye hakuona vipi mchungaji mtarajiwa angeingia humo akatoka safi. Wapo watakaosema alikuwa mkaidi. Mimi naona hapo ndipo maisha yake yote yalipoamuliwa: alichagua kwamba mchezo utabaki chuoni, na yeye atabaki nao.

Futiboli aliicheza pia. Timu ya Yale ya 1888, ambamo yeye alicheza pembeni, ilifunga pointi 698 msimu mzima bila kufungwa hata moja. Mwaka uliofuata alichaguliwa katika kikosi cha kwanza kabisa cha wachezaji bora wa vyuo vya Marekani. Na tayari alikuwa na tabia ya fundi: alichukua godoro kuukuu, akaliviringisha, akalitundika ndani ya jengo la mazoezi ili wenzake wajifunze kumkaba mtu bila kuumizana. Godoro lile ndilo babu wa vifaa vyote vya kukabia unavyoviona leo kwenye viwanja vya futiboli. Alizaliwa na jicho hilo, la kuona tatizo la mazoezi na kulitafutia kitu cha kushika kwa mkono.

Mimbari ndiyo iliyomkataa. Alijiunga na shule ya dini ya Yale, akajaribu kuhutubia, na maneno yakamkwama. Mtu aliyesimama mbele ya maelfu akiwa na mpira mkononi bila kutetemeka alishindwa kusimama mbele ya watu wachache akiwa na Biblia. Akaikubali hali hiyo kwa uchungu, na mwaka 1890 akaenda Springfield, Massachusetts, katika chuo cha kufundisha watumishi wa YMCA, jumuiya ile ile ambayo wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaijua kwa hosteli zake. Pale waliamini kwamba mwili nao ni njia ya kumfikia Mungu. Mwenzake mmoja, James Naismith, alikuwa anabuni mchezo wa kuchezea ndani wakati wa baridi, kwa kutundika vikapu vya matunda ukutani. Machi 1892 mchezo huo ulichezwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza, walimu dhidi ya wanafunzi. Wanafunzi walishinda 5 kwa 1. Bao moja la walimu lilifungwa na Stagg. Mpira wa kikapu unaochezwa leo kila uwanja wa shule kutoka Mombasa hadi Bujumbura una alama ya kidole chake, japo ndogo.

Sasa tufike kwenye kifungua kinywa.

William Rainey Harper, mwalimu wa Stagg wa Biblia kule Yale, alikuwa ameteuliwa kuwa rais wa chuo kikuu ambacho bado hakijafungua milango, kinachojengwa Chicago kwa fedha za tajiri John D. Rockefeller. Harper alimwita kijana wake hotelini New York, wakala, akamweleza: nakuhitaji uongoze michezo. Mshahara dola 1,500. Stagg akanyamaza. Hakuwa anapiga bei. Kama alivyokuja kueleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1927, wazo lilikuwa jipya mno na akili yake ilikuwa bado inalizunguka. Harper akadhani anagoma. Basi dola 2,000, akasema, na cheo cha profesa msaidizi. Stagg bado kimya. Harper akapandisha hadi dola 2,500 na cheo cha profesa mshiriki, ajira ya kudumu ya maisha. Hapo kijana akapata sauti.

Ni kisa cha kuchekesha, na watu hukisimulia kwa kucheka, lakini ndani yake kuna jambo zito kuliko mshahara. Wakati ule vyuo vingi vilikodi kocha kwa wiki chache za msimu, mara nyingi mchezaji wa zamani anayekuja, anashinda au anashindwa, anaondoka. Harper alimpa kocha kiti pamoja na walimu wa Kigiriki na kemia. Katika shule niliyosoma mimi, mwalimu wa michezo alikuwa kwanza mwalimu wa jiografia. Saa tisa alasiri alivua viatu vya ngozi akavaa raba, na tulimwita Mwalimu uwanjani kama tulivyomwita darasani, wala haikutupitia akilini kwamba ni watu wawili. Kwa Wamarekani wa 1892 hilo lilikuwa geni, na Stagg ndiye alikuwa mtu wa kwanza kulibeba kwa uzito wake wote.

Chuo kilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1892, na mazoezi yakaanza papo hapo. Wachezaji walikuwa wachache mno hata kocha mwenyewe akalazimika kuvaa na kuingia uwanjani. Hakukuwa na kiwanja cha maana. Mfanyabiashara Marshall Field alitoa ardhi, na ndipo Stagg na vijana wake wakashika nyundo. Majira ya kuchipua alifundisha besiboli, kazi aliyoifanya kwa karibu miongo miwili. Riadha pia alifundisha. Huko ndani ya jengo la mazoezi alitundika nyavu ili wapigaji wa besiboli wafanye mazoezi wakati nje kuna theluji, na leo hakuna timu ya besiboli isiyo na kizimba cha namna hiyo. Chuo kilikuwa pembeni mwa bustani ndefu iitwayo Midway, na kadiri miaka ilivyopita watu wakaanza kumwita Mzee wa Midway. Jina hilo alipewa kwa heshima, kama tunavyolitumia sisi.

Hakuvuta sigara, hakunywa, na hakutukana. Neno lake kali kuliko yote lilikuwa punda. Aliyekosea aliitwa punda, aliyerudia kosa aliitwa punda mara mbili, na wachezaji walisimulia kwamba kuna siku za mazoezi mabaya ambapo jioni haikubaki nafsi ya binadamu uwanjani. Walilisema hilo kwa mapenzi, hata wazee wenye wajukuu. Mtu ambaye kinywa chake kilishindwa kuhubiri alipata kutumia neno moja la mnyama kuwanyoosha watoto wa watu, na wakanyooka.

Jumla ya yote ilikuja kuwa siku moja, tarehe 30 Novemba 1905.

Michigan walikuja Chicago wakiwa hawajafungwa katika mechi 56 mfululizo. Kocha wao, Fielding Yost, alikuwa na timu zilizokuwa zikifunga karibu pointi moja kwa kila dakika ya mchezo. Chicago nao hawakuwa wamefungwa msimu ule. Walikuja watazamaji zaidi ya elfu ishirini na tano, wakiwa wamejikunja ndani ya makoti. Rais Harper hakuwapo jukwaani. Alikuwa mgonjwa wa saratani, na alibakiwa na wiki sita za kuishi.

Stagg alikuwa na kijana anayeitwa Walter Eckersall, mfupi, mwepesi, mwenye mguu wa ajabu. Kazi yake ilikuwa kuongoza mashambulizi na, pale yanapokwama, kuubutua mpira mbali ili Michigan waanzie nyuma kabisa. Ilikuwa mechi ya kusukumana. Hakuna aliyefunga kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili kikasogea, bado sifuri kwa sifuri. Eckersall akabutua mpira mrefu uliotua nyuma ya mstari wa goli wa Michigan. Denny Clark, mchezaji wa Michigan aliyeupokea, angeweza kulala nao pale pale na hakuna ambacho kingeharibika. Akaamua kukimbia nao. Akavuka mstari, na kabla hajafika popote wachezaji wa Chicago wakamrukia, wakambeba na mpira wake, wakamrudisha nyuma ya mstari na kumwangusha. Kwa sheria za mchezo hizo ni pointi mbili kwa waliomwangusha. Chicago 2, Michigan 0. Ikaisha hivyo hivyo.

Pointi mbili zikavunja mfululizo ule wa kutoshindwa. Chicago walikuwa mabingwa. Clark alilaumiwa na magazeti na wenzake, na lawama hiyo ilimwandama hadi alipofariki mwaka 1932. Kila nikisoma habari za siku ile jicho langu humtafuta yeye, kijana aliyejaribu kukimbia badala ya kulala. Kosa lake lilikuwa la ujasiri, na nashindwa kuelewa umati wa watu wazima uliona vipi ni haki kumbebesha maisha yake yote.

Na ushindi wenyewe ulikuwa na deni. Eckersall aliingia Chuo Kikuu cha Chicago bila kutimiza masharti ya masomo ya kuingilia. Alicheza misimu yake, akawa maarufu nchi nzima, kisha akaondoka bila shahada. Stagg alijua. Profesa yule, aliyekataa dola 4,200 ili mchezo ubaki safi, alikuwa ameruhusu mchezaji wake bora apite mlango ambao mtoto mwingine wa fundi viatu asingepitishwa. Kila mwaka alialika vijana wa sekondari kutoka pande zote za nchi kuja Chicago kwa mashindano ya riadha, na ingawa mashindano yalikuwa mazuri, yalikuwa pia sehemu ya kuchagulia vipaji. Idara yake ilikuwa na bajeti yake, na karibu hakuna aliyeihoji. Sipendi kuliandika hili juu ya mtu ninayemheshimu. Lakini aliamini kwamba uwanja ni mimbari, na mtu anayeamini hivyo huanza kuona kila kinachojaza viti kuwa ni kazi ya Mungu.

Mwaka ule ule wa 1905 futiboli ilikuwa inaua. Vijana walicheza bila kofia za maana, wakishikana mikono na kujirundika kama ng'ombe waliotishwa, na magazeti yalihesabu vifo. Rais Theodore Roosevelt aliwaita viongozi wa vyuo Ikulu. Walimu wengi wa Chicago walitaka mchezo ufutwe kabisa. Mwanzoni mwa 1906 vyuo vya eneo lile vilikubaliana kupunguza mechi hadi tano kwa msimu, kuwazuia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kucheza, na kwamba kocha lazima awe mwajiriwa wa kawaida wa chuo kwa mshahara wa kiasi. Michigan walikasirika na muda si mrefu wakajitoa katika umoja wa vyuo hivyo. Stagg hakuwa na la kubadilisha kwa upande wake, kwani kiti hicho alikuwa amekikalia tangu 1892.

Yeye alikuwa mjumbe wa kamati ya sheria za mchezo tangu 1904, na mwaka 1906 kamati ikaruhusu jambo lililougeuza mchezo: kuurusha mpira mbele kwa mkono. Kabla ya hapo mpira ulibebwa tu, ndiyo maana watu walirundikana. Ukiweza kurushwa, wachezaji wanatawanyika, na mifupa inapona. Makocha wengi waliidharau sheria mpya. Stagg aliichukua kama alivyolichukua lile godoro. Knute Rockne, kocha mkubwa wa Notre Dame ambaye wengi humkumbuka zaidi kwa pasi hiyo, alikiri waziwazi kwamba futiboli ya kisasa chimbuko lake ni Stagg.

Besiboli ya Chicago nayo ilifika mbali. Mwaka 1910 timu ilipanda meli kwenda Japani kucheza na vyuo vya Waseda na Keio, ikashinda. Mwaka uliofuata Waseda wakaja Chicago. Ziara hizo ziliendelea kila miaka mitano hadi 1930, na vijana waliolelewa na Stagg walikuwa wakienda kuwafundisha wapinzani wao wenyewe. Wajapani walikuwa wameupenda mchezo huo kabla ya hapo, sikatai. Lakini nadhani kama ukitaka kumwona Stagg akiwa ametimiza kile alichokuwa akikiota darini kule Yale, usitazame pointi mbili za 1905. Tazama vijana wale kwenye meli, wiki nzima na zaidi baharini, wakienda kucheza bila malipo na watu ambao hawaelewi hata neno moja la lugha yao.

Ubingwa wake wa mwisho Chicago ulikuwa 1924. Baada ya hapo vyuo vya majimbo vilikuwa na wanafunzi wengi kuliko Chicago mara kadhaa, na chuo chake kikazidi kuwa cha watafiti. Mwaka 1929 akaingia rais mpya, Robert Maynard Hutchins, mwenye miaka 30, ambaye mchezo kwake ulikuwa kero inayopoteza muda wa wasomi. Sheria ya kustaafu ilisema miaka 70. Stagg alifikisha 70 mwaka 1932. Akapewa nafasi nyingine chuoni, kazi ya ofisini yenye mshahara na isiyo na filimbi. Akaikataa, kama alivyokataa dola za New York miaka arobaini na zaidi nyuma.

Stella, mke wake, alifunga mizigo pamoja naye. Walioana 1894, na mama huyu alijua mchezo kuliko waandishi wengi wa habari. Alikaa jukwaani na kalamu, akichora kila hatua ya wapinzani ili mumewe aisome usiku. Wakahamia Stockton. Chuo cha Pacific hakikuwa na fedha, na timu ilisafiri mbali kucheza na vigogo kwa sababu mgao wa viingilio ulisaidia chuo. Ndivyo ilivyotokea ile safari ya Novemba 1938.

Mwaka 1939 Chicago ilipigwa 85 kwa 0 na Michigan, na 61 kwa 0 mara mbili, na Harvard na Ohio State. Desemba Hutchins akatangaza kwamba Chuo Kikuu cha Chicago hakitacheza tena futiboli. Majukwaa ya Stagg Field yakabaki bila watu. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya jukwaa la magharibi, ndani ya chumba kilichojengwa kwa ajili ya mchezo wa raketi, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake waliokuwa wamepanga matofali ya grafiti na urani hadi karibu na dari walivuta fimbo za kudhibiti taratibu, na saa tisa na dakika 25 alasiri mnyororo wa kwanza wa nyuklia uliodhibitiwa na mwanadamu ukajiendesha wenyewe. Uwanja ulikuwa ule ule ambamo watu walimshangilia Eckersall, ingawa jukwaa lenyewe lilikuwa jipya zaidi. Leo mahali hapo pana maktaba kubwa ya chuo na sanamu iliyotengenezwa na mchongaji Henry Moore.

Stagg wakati huo yuko Stockton, miaka 80, anafundisha. Mwaka uliofuata jeshi la majini lilileta vijana wa mafunzo chuoni Pacific, wengine wachezaji hodari kutoka vyuo vingine, na mzee akawatumia kuzifunga timu za UCLA na California. Makocha wenzake walimchagua kocha bora wa mwaka 1943. Alikuwa na miaka 81. Miaka mitatu baadaye chuo kikamwomba ajiuzulu. Wengine wangekaa barazani. Yeye akaenda Pennsylvania kumsaidia mwanawe, Amos Alonzo Mdogo, kufundisha Susquehanna. Huko baba na mwana walisimama pamoja kando ya uwanja kwa misimu sita, na mwaka 1951 hawakufungwa. Mwaka huo huo aliingizwa katika Jumba la Heshima la futiboli ya vyuo kama mchezaji na kama kocha pia, wa kwanza kuingia kwa njia zote mbili.

Stella alipoanza kuugua, Stagg alirudi California, akashika kazi ndogo kuliko zote alizowahi kuwa nazo: kuwafundisha kubutua mpira vijana wa Stockton College, chuo cha miaka miwili mjini pale. Ushindi wake, ambao kwa hesabu iliyozoeleka ni mechi 314, ulikuwa bado rekodi inayonukuliwa nchi nzima; hakuna aliyeupita hadi Bear Bryant wa Alabama mwaka 1981. Lakini wale vijana wa Stockton walijifunza kwake jinsi ya kuuachia mpira mkononi bila kuurusha juu, jinsi ya kuuangalia hadi mguu uupate. Mzee wa miaka tisini na zaidi, na mpira, na kijana mmoja mmoja.

Mwaka 1960, akiwa na miaka 98, alipeleka barua chuoni. Alisema amekuwa kocha kwa miaka sabini, na kwamba kwa umri alionao anaona huu ni wakati mzuri wa kuacha.